Mkono unaopima lazima uonekane: maswali yenu kuhusu kuchora vipimo vya zamani

Ukurasa wa dizaini wa mwezi huu nimeutoa wote kwa jambo moja. Tangu toleo lile nilipogusia kidogo kibaba na pishi, vile vipimo vya zamani vya nafaka, maswali hayajakoma, wengi wenu mna projekti za vipimo vya zamani na mnataka kutumia michoro badala ya picha za kamera. Nimechagua matano, mengine yanafanana na haya.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mi niko mwaka wa mwisho wa dizaini hapa Kampala, projekti yangu ni mabango sita na kakitabu juu ya vipimo vya zamani vya Afrika Mashariki, shibiri, mkono na pima za urefu, kibaba na pishi za nafaka, na frasila ya uzito. Lekchara anasema nitumie picha za kamera sababu ndio ushahidi, eti michoro ni ya vitabu vya watoto. Mi moyo wangu uko kwenye michoro lakini sijui nimjibu nini, na kusema kweli kila nikichora pishi inatoka kama ndoo tu, haisemi kitu. Nifanye nini? – Mwanafunzi, Wandegeya

JIBU: Mdogo wangu, pishi yako inatoka kama ndoo kwa sababu umechora chombo peke yake. Hebu kesho asubuhi nenda soko la Kalerwe usimame karibu na mama anayeuza maharage kwa tumpeco, kile kikombe cha kupimia, usinunue kwanza, angalia mikono yake. Mkono wa kulia unachota, mkono wa kushoto unajikunja kuzunguka mdomo wa kikombe kama ukuta, vidole vimebanana, halafu anaendelea kumimina mpaka maharage yanapanda juu ya mdomo na kushikiliwa na ile ngumi iliyofunguka nusu, kisha anamwaga yote kwa kavera, mfuko wa plastiki, kwa haraka kabla hayajateremka. Huyo amekupa kikombe na kichwa chake. Mwingine pembeni anajaza, anapitisha kiganja juu kama anafuta meza, yaliyozidi yanarudi kwenye gunia. Kikombe ni kilekile, bei inaweza kuwa ileile, ila uliyobeba nyumbani ni tofauti.

Sasa wazee wa pwani hio tofauti walikuwa na jina lake kabisa. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa na kurundikwa, kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa usawa wa mdomo. Ukipiga picha ya kibaba kwenye kabati la makumbusho, chombo kitupu, taa nzuri, kivuli kizuri, tele na mfuto zote zimepotea, manake chombo ni kimoja. Hapo ndipo mchoro unafanya kazi ambayo kamera haiwezi kirahisi, unachora vibaba viwili vinavyofanana sawasawa, kimoja na mkono uliojikunja, kingine na kiganja kinachofuta na punje chache zikianguka, halafu unapitisha kamstari ka nukta kwenye mdomo wa vyote viwili, basi, mtu ambaye hajui kusoma ataelewa. Mwambie lekchara wako hilo, kwa heshima, na umpelekee michoro miwili umeshaimaliza, usiende na maneno matupu.

Na hiyo fikra kwamba michoro ni ya watoto, wala. Wafaransa walipobadilisha vipimo vyao, serikali ikaamuru Novemba 1800 mita na lita vitumike nchi nzima, mwaka huohuo ulichapishwa mchoro mmoja maarufu sana unaoonyesha watu sita wakiwa kazini, mmoja anamimina kwa lita, mwingine anapima kitambaa kwa mita, mwingine kuni, na chini ya kila mmoja imeandikwa kipimo kipya kinachukua nafasi ya kipi cha zamani. Watu wazima wale, wafanyabiashara, ndio waliolengwa. Angalia kwamba mchoraji hakuchora lita peke yake mezani, alichora mtu anaitumia. Utafute huo mchoro kwenye intaneti uuangalie kwa muda mrefu.

Hata hapa kwetu, Margaret Trowell aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere mwaka 1937 alikuja kuandika na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa cha vyombo na kazi za mikono za Uganda, kilitoka 1953, na kimejaa michoro ya mistari, vikapu, vyungu, vibuyu. Mstari unachagua nini kionekane. Kamera inachukua kila kitu, mpaka vumbi na lebo ya kabati.

Lakini ushahidi lekchara anaoutaka ni haki yake, usimbishie. Nenda Uganda Museum pale Kitante, omba ruhusa, piga picha zako, pima vyombo kwa rula, andika namba, halafu picha hizo ziweke ndogo mwisho wa kakitabu na vipimo vyake. Mchoro mbele, ushahidi nyuma.

Jambo moja tena kabla sijaenda swali lingine sababu naona wengi hawalitumii. Vipimo vya pwani vinaenda kwa mara mbili mara mbili. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, shibiri mbili ni mkono, yaani kiwiko mpaka ncha ya kidole, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, yaani mikono yote miwili ikitanuliwa. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mi nikiviangalia naona kitambaa kinachokunjwa katikati, tena katikati, tena katikati, na rundo la mtama linalogawanywa kwa mkono mara mbili, huhitaji kuandika namba yoyote. Kwa hio dizaini ya kakitabu kako inaweza yenyewe kukunjika hivyo, karatasi moja ndefu, ukikunjua mara moja unapata mkono, ukikunjua tena unapata wari. Hapo hata maneno utapunguza.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafundisha darasa la tano hapa Busia, nilichora mkono kwa manila nikawaambia watoto shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Watoto wakapima dawati, mmoja akapata shibiri tano mwingine saba, darasa likawa fujo, wakaniuliza mkono wa nani ndio sahihi na mimi nikakwama. Nirekebishe mchoro vipi? – Mwalimu, Busia

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Usirekebishe, hio fujo ndio somo lenyewe na watoto wako wamefika haraka sana kwenye swali ambalo falme kubwa zilihangaika nalo maelfu ya miaka.

Misri ya kale walikuwa na mkono wa kifalme, sentimita 52 na kidogo, wameugawa viganja 7, kila kiganja vidole 4, jumla vidole 28. Ili usibadilike kila anapokuja fundi mwenye mkono mrefu wakatengeneza fimbo zenye alama, moja ya Maya, mtunza hazina wa Tutankhamun, iko Louvre kule Paris mpaka leo. Na kwenye maandishi yao ya picha, mkono kama kipimo uliandikwa kwa kuchora mkono wenyewe, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Yaani neno ni mchoro. Watoto wataupenda huo, wachoreshe.

Halafu kuna mchoro wa Ujerumani wa karne ya 16, wa Jacob Köbel, huu ndio hasa unaoujibu mkwamo wako. Watu wanatoka kanisani Jumapili, mpimaji anawasimamisha 16, warefu na wafupi jinsi walivyotoka, wanapanga mguu wa kushoto mmoja nyuma ya mwingine, kisigino kwa ncha. Urefu wote wa ile safu ya miguu ndio fimbo ya kupimia ardhi, na ukiugawa kwa 16 unapata futi moja ya haki. Mguu wa mtu yeyote peke yake haukuhesabiwa kuwa sahihi, waliuchanganya. Kwenye mchoro unaona viatu vimepangana kama gari moshi na unaelewa wazo zima bila kusoma.

Basi kesho chukua watoto 16, wapangie miguu ukutani, pimeni pamoja, mgawanye. Halafu chora mkono wa kila mtoto kwenye manila moja kubwa, vidole vimetanuliwa, dole gumba la kila mmoja likianzia kwenye mstari mmoja wa kushoto, kila mmoja aandike jina lake, ncha za vidole vya mwisho zitatoka zikipishana na hilo bango litakuwa zuri kuliko chochote nitakachokuchorea mimi. Kwenye mkono pia usisahau kuwaambia kuna mkono kamili unaofika ncha ya kidole na kuna dhiraa konde, ile inayoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofungwa. Muuza kitambaa na mnunuzi wangeweza kugombana hapo hapo kwenye vile vidole.

SWALI: Vipimo vya mwili naviweza. Uzito na ardhi nachoraje? Frasila haina umbo, na mailo ndio kabisa, ni kubwa mno haiingii kwenye ukurasa. – Dizaina, Arua

JIBU: Uzito unauchora kwenye mwili wa anayebeba. Frasila ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16, na ndio kipimo kilichopimia pembe za ndovu kuanzia bara mpaka Zanzibar. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Sasa ukichora jiwe la mizani limeandikwa frasila, msomaji anapita tu. Chora shingo. Chora jinsi mshipa unavyosimama, jinsi mkono mmoja unavyoshika mzigo kichwani na mwingine uko mbali na mwili kutafuta usawa, goti la mbele limekunjika kidogo. Na pembeni mwekee msomaji wa leo kitu anachokijua, mfuko wa simenti wa kilo 50 ni frasila tatu na kidogo, kila mtu aliyewahi kujenga hata choo anajua huo mfuko unavyokaa begani.

Mailo ni kweli ngumu, lakini ndio kipimo kinachonigusa kuliko vyote kwa sababu bado tunaishi ndani yake. Neno lenyewe limetoka kwa maili. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, Kabaka akapewa 350, machifu na wenye ardhi wengine wapatao elfu moja wakatengewa 8,000, na tangu hapo kipimo kikageuka kuwa jina la umiliki, watu leo wanasema ardhi ya mailo na wengi hawakumbuki kwamba wanataja urefu. Maili moja ya mraba ni eka 640. Usijaribu kuichora shamba kwa shamba. Chora miraba midogo 640 kwenye ukurasa mzima, uchague mmoja tu uujaze rangi, huo ni eka, nusu uwanja wa mpira na zaidi kidogo. Ukurasa unaofuata ukuze huo mraba mmoja, ugawe desimali 100, halafu weka juu yake kile kiwanja tunachouziana kila siku, fiti 50 kwa 100, ambacho ni desimali kama 11 na nusu tu. Ndani yake chora nyumba, tangi la maji, mgomba mmoja. Mtu akirudi ukurasa wa nyuma kuiangalia ile miraba 640 atakaa kimya kidogo.

SWALI: Mteja wangu anataka vipimo vya zamani vionekane vya zamani, yaani kila kitu rangi ya kahawia, karatasi imechomwa kingo, watu wamevaa magome ya miti. Mi naona kama inachosha lakini pesa ni yake. Halafu aliniambia kama nachelewa nitumie tu picha za akili bandia. – Mchoraji, Bombo

JIBU: Ndugu yangu hapo simama. Kibaba hakikuwa cha kahawia siku kilipotumika, mtama ulikuwa mwekundu, kitambaa cheupe kiliumiza macho juani, udongo wa Buganda mnaujua wenyewe. Ukipaka kila kitu kahawia unamwambia msomaji haya yamekufa, na si kweli, tele na mfuto zinaendelea Kalerwe asubuhi ya leo. Mimi natumia rangi tatu tu za nguvu na nyeusi, mara nyingi ule wekundu wa murram, kijani cha jani la mgomba, na bluu ya kitambaa.

Mavazi yafuate mwaka na mahali. Wafanyabiashara wa pwani walifika ikulu ya Buganda miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suuna II, wakaja na vitambaa vya kupimwa kwa mkono. Kwa hio kwenye mchoro mmoja inaweza kuwa sahihi kabisa mtu mmoja amevaa lubugo, ile nguo ya gome la mti, na mwenzake amevaa kanzu, wameshika kitambaa kilekile kila mmoja upande wake. Huo mchoro una hadithi tayari. Muonyeshe mteja hivyo, mchoree rafu ya bure dakika ishirini, mara nyingi wakiona wanabadilisha mawazo wenyewe.

Akili bandia kwa kazi hii hapana. Nilijaribu mwaka jana kwa moyo mweupe, nikaomba mkono unaopima shibiri, ikaja picha inayong'aa na dole gumba limetokea upande usiofaa, jaribio lingine vidole vikazidi. Kwenye tangazo la soda labda mtu asingeona. Hapa vidole ndio rula. Ukikosea dole gumba umekosea kipimo, na mtoto wa Busia ataweka mkono wake juu ya bango lako na atakukamata.

SWALI: Naprinti mabango ya maonyesho ya shule na mteja anataka shibiri, mkono na pima ziwe saizi halisi, mtu aweke mkono wake juu ya mchoro. Nitumie karatasi gani na nichunge nini? – Printa, Nasser Road

JIBU: Jirani yangu huyo, mi mwenyewe nashinda hapo Nasser Road. Shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 22, inakaa vizuri kwenye A4 iliyolazwa ambayo ina 29.7. Mkono ni kama 45, chukua A2, ina 59.4. Pima ni mita 1.8 hivi, hata A0 haifiki, ina 118.9 tu, kwa hio nenda kwenye roli ya bango au stika ya ukutani. Na kwa sababu mikono ikitanuliwa inakaribia urefu wa mtu mwenyewe, weka pima mbili, moja imelala na moja imesimama, watu watajipima zote mbili, foleni utaiona.

Cha kuchunga ni printa. Niliwahi kufanya kazi kama hii, nakala 60, mchoro safi, shibiri nimeipima kwenye skrini mara tatu. Kijana wa mashine akafungua PDF na ile settingi ya kutoshea karatasi ilikuwa imewashwa, kila kitu kikapungua kidogo, kwa jicho huwezi kujua. Tumefika kwenye maonyesho mzee mmoja anaweka kiganja chake juu ya mchoro, kidole cha mwisho kinatoka nje, anaita mwenzake, naye kinatoka, ndio nikachukua rula. Shibiri yangu ya 22 ilikuwa 21 na kidogo. Nakala zote 60 tulizitoa ukutani kabla ya saa nne, na mzee yule alinisaidia kuzitoa.

Tangu siku hio kila faili yangu ina mstari wa sentimita 10 kamili kwenye kona, mweusi, mwembamba, na namba 10 pembeni. Unaprinti nakala moja tu, unaweka rula ya chuma juu ya huo mstari mbele ya kijana wa mashine, ukipata 9.7 unamwambia azime ile settingi achague asilimia 100, mnarudia. Ukipata 10 ndio unaruhusu zingine zitoke. Na kwa stika ndefu ya pima, weka rula mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa roli, manake vinailo inavutika ikipita kwenye mashine ya moto na pale ulipoanza sawa unaweza kumaliza umezidi. Huo mstari usiufute baada ya kuprinti, uache hapo hapo kwenye bango, wenye kutaka kuhakikisha wataleta rula zao.